Nakala ya Tatu

Mtu hafai kusoma anachonakili.
Ndilo fundisho alilonipa mjomba Mutiso
aliponiachia kibanda chini ya ngazi, Mtaa wa Mfangano:
macho kwenye wino, si kwenye maneno.
Nimenakili talaka, hati za viwanja zilizozaliwa usiku,
vyeti vya watu ambao dawati hawalijui,
na sikuona kitu.

Lakini wewe jaribu kutosoma:
"Erupe, kinyozi, miaka kumi na tisa, Kariobangi Kaskazini,
alichukuliwa mashine ikiwa mkononi,
kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja."
Jaribu.
Usiku kucha nilimuwaza yule mteja.
Alikwenda wapi na nusu ya nywele?
Nani alimmalizia?

Aliyezileta karatasi ni Syombua,
sauti ya kukwaruza, mkoba wa turubai,
deni la chai kwa mama wa pembeni.
"Nakala mbili. Moja ya mahakama, moja ya kabati."
Shilingi tatu kwa ukurasa; yeye nilimtoza mbili.
Kisha, sijui ni ujasiri au ni wizi,
nikaanza kutoa na ya tatu, yangu.
Sikumwambia. Niliisukuma ndani ya boksi la wino uliokwisha.

Mwezi wa Juni aliacha viatu vya wazi, akavaa raba.
Namba ya wakili aliiandika kwa kalamu ndani ya mkono,
pale jasho halifiki upesi.
"Kuna gari jeupe," alisema, kama mtu anayesema kuna mawingu.
"Wale wa ndani wanakula mahindi ya kuchoma.
Hata wao wana njaa, unajua."
Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne hakuja.
Alhamisi alikuja mdogo wake, Mbithe, karatasi nne mkononi.
Nikaziweka juu ya kioo
na jina la Syombua nikaliona limepigwa chapa
pale ambapo majina ya wengine hukaa.

Kituoni, Mbithe alisema, kitabu cha matukio hakina tukio.
Askari wa zamu alilowesha kidole, akapekua, akafunga.
Hakusema hajakamatwa.
Alisema hayupo.

Wakaja kwangu wawili, wamenyolewa vizuri
(aliwanyoa nani? wazo lilinijia, nikalimeza).
Mmoja akavuta boksi, akalikalia.
"Mashine hii inakumbuka?"
Mkuu, nikasema, hii ni ya zamani.
Inaona mwanga, inasahau.
Alikuwa ameketi juu ya Erupe,
juu ya pacha wa Huruma, juu ya fundi viatu wa Dandora,
juu ya kurasa mia mbili na kumi na sita,
akitikisa mguu.
Wakabeba mashine. Waya waliuacha ukutani
kama mkia wa mjusi aliyekimbia.

Siku kumi na moja sasa.
Watu wananiambia nishukuru, walichukua chuma tu.
Nashukuru. Kila asubuhi nafungua kibanda kitupu,
nashukuru, nafunga.

Jana nilivuka barabara hadi kwa Gathungu,
mshindani wangu, bahili, mtu asiyekupa hata pini bure.
Nilimpa nakala yangu ya zile karatasi nne.
"Mara mbili," nikasema, na sauti yangu ikakwaruza.
Hakujibu. Macho yake yalikuwa kwenye wino,
kisha yakateleza.

Nikahesabu mwanga ukipita chini ya kifuniko,
mara nne, mara nane.
Nikageuka kutafuta sarafu mfukoni.
Nyuma yangu mwanga ukapita tena.