Kukata Maini

Kilo mbili na robo.
Nimempima kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli
ninalokandia maandazi. Wageni wangu wa Idi, mnisamehe.

Jina lake Bizari, kwa rangi ya manyoya.
Alikuja na jina jingine, refu kuliko mkia wake,
alilopewa na Bi Euphemia wa chumba namba tisa,
pale ninapoogesha wazee wa Dundee kwa zamu.
Mbwa hawaruhusiwi. Alinishika kiganja: utamchukua?
Nikasema ndiyo, kama mtu anayekubali chai.

Sikujua habari za mshipa.
Daktari Catriona aliuchora nyuma ya risiti:
damu itokayo tumboni hupita kwanza kwenye ini
ikachujwe, kama tui kwenye kifumbu.
Ya Bizari inakata kona. Inapanda kichwani na machicha yake.
Ndiyo maana akila nyama huzunguka meza,
kushoto, kushoto, kushoto,
kisha husimama, paji la uso kaligandamiza ukutani
kana kwamba ameitwa na mtu aliye ndani ya matofali.

Wiki sita za kumnenepesha kabla ya kisu.
Dawa ya degedege: saa kumi na mbili, saa nane, saa nne usiku.
Sharubati ya kumharisha, kwa bomba la sindano, pembeni mwa shavu.
Jibini laini, wali uliovurugika, ute wa yai.
Nyama marufuku. Hata ya kunusa.
Ananilamba, nanawa. Mara saba, moja kwa mchanga,
lakini ghorofa ya tatu, Januari, mchanga nautoa wapi?
Nimeiba kidogo kwenye chungu cha maua cha jirani.

Mama alipiga simu kutoka Pangani.
Pauni elfu nne? Za mbwa?
Akanyamaza, nikasikia jogoo wa kwao.
Shangazi yako Mwanakombo macho yalikuwa manjano kama embe,
tukauza cherehani, tukauza mlango,
na bado hazikutosha.
Mwanangu, unanikata maini.

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa.
Nilituma pauni mia mwaka ule. Risiti ninayo.

Usiku wa kuamkia operesheni: asile kitu baada ya saa sita.
Nikampa daku saa tano na nusu, kijiko kimoja kimoja.
Akafunga bila kunuia,
nami nikakaa naye sakafuni, bakuli nimelificha ndani ya oveni.

Treni ilivuka daraja la Tay gizani.
Alikuwa ndani ya koti langu, moto kama chapati.
Pale hospitali nikatia sahihi kurasa tatu:
nusu kaputi, damu, kifo.
Daktari akanionyesha pete, ndogo kuliko ya kipini cha pua.
Wataivisha kwenye mshipa. Itavimba polepole, wiki kwa wiki,
mpaka njia ya mkato ijifunge yenyewe.
Ukiufunga kwa ghafla, ini litashtuka; halijazoea kazi.
Na ini lenyewe hatulikati, alisema.
Nilitaka kumwambia mama hivyo. Hawatakata ini la mtu.

Siku ya nne nyumbani.
Tumbo limenyolewa, waridi, nyuzi saba.
Kola ya plastiki inagonga kila mguu wa kiti.
Jioni nampima kiuno kwa futi ya fundi:
thelathini na moja. Thelathini na moja na nusu.
Ikifika thelathini na nne, nipige simu hata usiku.
Bi Euphemia ameuliza tena, mbwa gani?
Nikamwonyesha picha. Akasema, mzuri, wa nani?

Leo kala ute wa yai, kaumaliza.
Akainuka. Akageuka kushoto.
Nikaacha kupumua, kijiko mkononi.
Akageuka tena kushoto, akalikanyagakanyaga blanketi,
akajikunja, akalala.