Na, Au, Siyo

Kabati la kadi walilibeba Jumanne,
vijana wanne na mkokoteni,
nami nikatia saini ya kulitoa
kama ndugu anayechukua maiti.

Miaka ishirini na sita
nililifungua kwa kidole cha shahada,
nikijua bila kutazama
kwamba Homa ya Ini iko chini kidogo ya goti
na Kifua Kikuu hukwama, lazima ukitikise.

Wiki iliyofuata nikalikuta Kiborloni.
Fundi Ndekirwa ametia misumari kwenye Kifafa,
skrubu kwenye Kisukari,
lebo zote zingali na mwandiko wangu.
"Zinanifaa, mama. Sipotezi kitu."
Nikanunua komeo nisilolihitaji.

Halafu mafunzo. Siku tano, chumba cha juu,
feni inayolalamika, chai ya tangawizi saa nne.
Mwalimu wetu Anandumi Lyatuu,
yule yule aliyekuja kwangu na cheti cha kidato cha nne
nikampa kitambaa cha vumbi na rafu ya majarida.
"Shikamoo, mama," alisema mbele ya wote,
kisha akanirudishia zoezi langu:
matokeo elfu arobaini na moja.
"Umeomba mvua, mama. Ulitaka kikombe cha maji."

Akatufundisha maneno matatu.
NA. AU. SIYO.
Niliyanyonya na maziwa,
nikadhani nayajua.

Kwangu mimi NA hujaza kikapu:
nyanya na vitunguu na mkungu wa mshare
na nyongeza na salamu za nyumbani.
Kwenye mashine NA ni kisu.
Homa NA mtoto NA degedege,
kila NA inatoa watu nje
mpaka wanabaki wachache mlangoni.
AU, niliyoiogopa tangu utotoni,
ama hiki ama kile, chagua upesi,
kumbe AU ndiyo mkarimu, ndiyo yenye funguo za geti:
degedege AU kifafa AU mtukutiko,
ingieni nyote.
SIYO sikuipenda.
Nilitupa nayo makala moja
ambayo ndiyo hasa tuliyokuwa tukiitafuta.

Usiku nikamweleza mume wangu.
Akacheka: "Kwa hiyo mimi NA wewe tumepungua?"
Sikumjibu. Watoto wako Dodoma na Mwanza.
Nyumba ina vyumba vitano.

Nywila niliisahau mara tatu.
Siku ya nne nililia chooni, kidogo,
bomba nikiwa nimelifungua.

Kisha wakanivika koti jeupe: fuata raundi.
Mkutubi wodini! Wauguzi walinitazama
kama kiti kilichotembea.
Kwenye kitanda cha tisa, daktari kijana
akaninong'oneza: "Mama, nitafutie kitu
kuhusu sumu ya nyoka."

Mikono ilitetemeka juu ya kishikwambi.
Ulimi haukutetemeka.
"Kitu gani? Aliumwa lini?
Mguu umevimba mpaka wapi?
Unataka kujua umpe dawa, au umngoje?"
Akanyamaza. Akaliweka faili chini,
akamtazama mtoto.

Hilo sikulipata kwenye chumba cha feni.
Hilo lilikuwa kabatini, sijui droo ipi,
nami niliondoka nalo bila saini ya mtu.

Makala saba. Ya tano ikajibu.
Wakangoja, wakipima damu tena na tena,
nami nikarudi kwenye meza yangu
nisiweze kusoma chochote.
Alhamisi mtoto aliomba uji,
akaukataa kwa sababu hauna sukari.

Leo nimepita Kiborloni.
Misumari imehama, sasa iko kwenye Homa.
"Nimepanga upya," fundi akasema,
"siku hizi wateja wanauliza vingine."
Nikamwambia nataka komeo jingine, la kwanza halifungi.
Akaacha randa. Akafuta mikono.
"Mlango wa mbao, mama, au wa chuma?
Unafungukia ndani, au nje?"