Mikwaruzo

Ndahani kaja na flashi mfukoni,
vumbi la Kizota hadi kwenye kope.
Anataka video yake ionekane ya kale.
"Kale kiasi gani?"
"Kama enzi za sinema ya gari," anasema,
"ile ya shuka jeupe ukutani."
Ana miaka ishirini na minne.
Sinema hiyo hata mama yake aliisikia tu.

Basi nakaa. Naondoa rangi kwanza.
Zabibu za Hombolo zinakuwa kijivu,
sweta jekundu linakuwa kijivu
(la Nyemo hilo, alilisahau kwenye kamba),
reli inabaki vilevile,
haikuwa na rangi ya kupoteza.
Natia giza kwenye kona, natia chembechembe,
kisha mikwaruzo. Ninayo faili nzima,
niliinunua elfu kumi na tano kwa kijana wa Area C:
mikwaruzo ya filamu nisiyoijua,
iliyochanika sijui wapi,
ikimlilia sijui nani.

Kwenye picha binti anapanda treni ya Tabora.
Ni mtoto wa jirani, kalipwa soda na nauli;
kwenye kipande nilichokitupa anacheka,
anauliza, "Nigeuke sasa, au bado?"
Nyemo mwenyewe hakupanda treni.
Alipanda bodaboda, saa nne asubuhi, jua la utosi,
feni ya meza kaipakata mapajani.
Wiki tatu tu zimepita.
Ujumbe wake wa sauti umo kwenye simu ya Ndahani,
msafi, hauna hata mkwaruzo mmoja;
unamsikia mpaka jogoo wa jirani.

Nimezitengeneza nyingi hizi, naanza kuelewa.
Mtu haniletei kidonda nikiponye.
Anataka nikizeeshe,
nikipe miaka hamsini kwa usiku mmoja,
akitazame anavyoitazama picha ya babu yake
kavaa suruali pana nje ya stesheni:
aliumia, ndiyo, huenda aliumia sana,
lakini wote wale walishakufa,
na kilichobaki ni pozi.

Huku kwetu vumbi linazeesha kila kitu,
bati, ng'ombe,
shati jipya kabla halijafika Jumapili.
Hili moja tu limelishinda.

Saa nane usiku nambonyezea.
Treni inaondoka ikitetemeka, picha inaruka,
mstari mweupe unamkata binti shingoni.
Ndahani hapepesi.
"Ongeza mikwaruzo. Pale anapogeuka."
Naongeza.
"Tena."
Naongeza hadi kioo kizima kinakuwa mvua,
mvua ambayo Dodoma haijaiona tangu Machi,
na ndani yake hakuna treni, hakuna binti,
kuna kijivu kinachoanguka.

Anasogeza kiti.
Anagusa kioo kwa kidole, katikati kabisa ya mvua.
"Lile sweta," anasema,
"bado naliona jekundu."