Saba kwa Kumi na Mbili

Swabra karudi, daftari limejaa misalaba myekundu.
Theluthi na robo: kajumlisha, kapata mbili kwa saba.
"Mwalimu hakueleza?"
"Tuko themanini na sita, mama.
Akifika kwetu nyuma, kengele ishalia."

Mimi niliishia darasa la tano,
na sehemu hizi hizi ndizo zilizonifukuza.
Lakini najua mbili kwa saba haifiki hata theluthi.
Umeongeza robo, mkate ukapungua?
Hata wa Kongowea haniibii hivyo mchana kweupe.

Nikauteremsha mkate wa sinia,
oda ya Bi Shekue, bado unafuka moshi,
nikaukata vipande kumi na viwili.
"Theluthi?" Akasogeza vinne.
"Robo?" Vitatu.
Akahesabu kwa kidole chenye wino,
akanyamaza, akahesabu tena.

"Saba, mama. Saba kwa kumi na mbili!"

Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi,
nikaisikia hesabu ya mwaka wa tisini na tatu
ikinitoka mgongoni kama kibanzi.

Bi Shekue nitamwambia mkate uliungua.
Saba tumeshakula.
Vitano tumevifunikia kawa:
swali la pili ni la kutoa.