Mfuko wa Saruji

Hamsini, umeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu.
Niliununua kwa ajili ya sakafu ya chumba cha mama,
na Jumanne usiku, mlinzi alipokwenda kula,
nikaupandisha juu ya mizani ya chama.

Arobaini na saba.

Nikaushusha. Nikapangusa sahani kwa upindo wa kanga.
Nikaupandisha tena, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.
Arobaini na saba.
Nje hakulia bundi wala nini. Tumbaku tu ilinuka,
tamu, nzito, harufu ile inayokaa ndani ya nywele
mpaka Sikukuu.

Misimu minne nimekalia kiti hiki, hapa Sikonge,
kalamu sikioni, nikiita uzito kwa sauti,
na chini ya kila karatasi nikiweka jina langu:
Kalunde M., Karani.
Kilo tatu kwa kila robota. Sikutaka kuzidisha.
Nimezidisha.

Kisha nikapiga hesabu ya pili, ya kwangu:
mshahara, laki mbili na thelathini;
dawa za mama za sukari, kila mwezi;
mdogo wangu kidato cha tatu, bweni, Tabora mjini.
Na Katibu, aliyenipa kazi,
ndiye aliyenunua sanda ya baba.
Hiyo nayo ni kilo ngapi?

Nilimwendea Mihayo kwenye bani lake, anachochea moto.
"Nikisema," nikamwuliza, "utasimama nami?"
Akacheka hata akapaliwa na moshi.
"Tunajua tangu zamani, binti. Unadhani kwa nini
katikati ya marobota yangu kuna mchanga?
Wao kilo tatu, mimi kilo tatu.
Usitufumue."
Akanipa michembe. Tukatafuna.

Nilirudi nimefarijika, naungama.
Mwizi na mwizi wamelingana, mimi ni nani?
Nikalala. Saa nane nikaamka.

Nyamizi.

Nyamizi haweki mchanga.
Anachambua majani kwa taa ya chemli, moja moja,
anayanyoosha juu ya goti kama sare ya shule,
na kila mwaka deni la mbolea humbakia
kidogo tu, kidogo cha kutia aibu,
naye hunishukuru:
"Mwaka huu nimekaribia, Kalunde."

Sikupata jibu. Watu husema moyo huamua;
wangu ulikuwa unadunda tu, ndiyo kazi yake.
Miguu ndiyo iliyotangulia kushuka kitandani.

Leo soko. Mnunuzi atakuja na gari lake jeupe,
mizani itatolewa barazani, mbele ya watu wote.
Nimeufunga mfuko kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi.
Mama ameuliza, sakafu lini?
Nimemwambia jioni, Mungu akipenda.

Mihayo atanichukia.
Katibu hatapaza sauti, ataomba funguo tu.
Na Nyamizi huenda asielewe; au ataelewa,
aniulize lile ninaloliogopa kuliko kazi kupotea:
Misimu minne, mwanangu?

Nimevuka kijito, nimegeuka nyuma:
mstari mwembamba wa kijivu juu ya vumbi
unanifuata tangu kwenye kisiki cha mninga.
Mfuko umetoboka.

Nimesimama. Nimecheka peke yangu, njiwa wakaruka.
Umemwaga kiasi gani? Kikombe? Kilo? Tatu?
Ubavuni bado ni hamsini, kwa wino mwekundu.
Nimerarua upindo wa kanga, nimeusokomeza tunduni
kwa kidole, mpaka ukucha umeuma.

Kule mbele wameanza kupanga marobota.
Napanda tena baiskeli.