Sufi

Talas, mwezi wa sita. Maharage yana kiu
na dizeli ya pampu imeshikwa na homa:
sindano imegonga mia sita na arobaini,
shingo ya ekzosi nyekundu kama kilemba cha jogoo.

"Geji inadanganya," akasema Temirkul.
Akaazima ya Sagynbek.
Nayo ikasema yaleyale.

Akafungua nozeli, moja moja, akazijaribu:
zikatema ukungu mwembamba, safi.
Akapunguza mafuta. Mfereji ukanywea,
joto likashuka kidogo,
likarudi kama mdai.
Akapima nafasi za valvu, akalaumu dizeli ya kituo kipya,
akamlaumu fundi wa mwaka juzi, ambaye ni marehemu.

Moshi mweusi hausemi nimeshiba.
Husema napaliwa.
Aizada ndiye aliyesikia:
"Baba, mbona turbo inahema kama mtu
aliyevikwa gunia kichwani?"

Wakafungua chujio la hewa.
Sufi ya mipopla, nyeupe, imeshonana
mtu angeweza kuilalia.

Temirkul akainua macho ukingoni,
kwenye safu aliyoipanda siku binti alipozaliwa,
majirani wakicheka: mipopla hupandiwa wavulana!
Kumbe yote miti jike.
Sufi ilikuwa bado ikishuka, taratibu, bila haya.

Hakusema kitu. Akalikung'uta chujio gotini,
ndevu zikageuka za babu.
Mia tano na tisini. Mia tano. Mia nne na themanini.

Aizada akakimbilia nyumbani, akarudi na soksi ndefu ya nailoni,
akaivalisha mdomo wa hewa, akafunga kwa waya.

Mama yake bado anaitafuta.