Sura ya Tisa

Mwaka huu nimetimiza arobaini na mmoja,
nimeng'oa jino, nimemaliza deni la bati,
nimeandika neno "wakapendana" mara kumi na nne
na kulifuta mara kumi na nne.
Ndiyo mahesabu. Mimi ni karani wa ghala, Newala,
nimezoea kuanza na jumla.

Msimu ukifika, mchana napima korosho.
Gunia likipanda mzani nasoma kilo kwa sauti
mkulima asikie, asije akasema Somoe kamdokoa.
Usiku, nyuma ya stakabadhi zilizoharibika,
namwandika Asumini, binti wa Kitangari,
na kijana mmoja mwenye meno mazuri
ambaye hadi mwezi wa tano sikuwa nimempatia jina.

Sura nane zilikwenda kama mteremko.
Ya tisa ikagoma.
Hapo ndipo kijana alitakiwa aseme neno,
na kila neno nililompa
lilinukia manukato ya duka la mtu mwingine.
Nilimpa waridi. Waridi, Newala!
Nilimpa mwezi, nikaona haya.
Mume niliyewahi kuwa naye aliniposa kwa kuuliza
kama baba bado ana ile mikorosho ya Mnyambe.
Hakunifaa hata kwa utafiti.

Mwezi wa saba ukungu ukalala barazani hadi saa tatu.
Mama, mwenye mtoto wa jicho kila upande,
akawa ananisikiliza toka ndani ya chandarua.
"Soma tena hapo."
Nikasoma.
"Huyo mwanamume hasemi, anahutubia.
Baba yako hakuniambia kitu."
Kimya. Nikadhani kalala.
"Enzi zile maji yalikuwa bondeni.
Unashuka na nyota, unapanda na jua, shingo imezama kifuani.
Asubuhi moja nafungua mlango
nakuta maji. Yamefunikwa jani la mgomba. Hayana mwenyewe.
Kesho yake tena.
Siku ya saba nikaoga mwili mzima,
nikajua naposwa."

Sikuwasha taa. Niliandika gizani,
mistari ikapanda juu ya mistari.

Mhariri wa Dar es Salaam alijibu baada ya siku tisini:
kisa kizuri, ila wasomaji wanapenda ufukwe,
na huyu shujaa mbona kazi yake kubeba maji?
Nililia chooni, ghala limejaa watu,
nikanawa, nikatoka,
nikapima tani mbili bila kukosea.

Pesa ya mnada wa pili nikaigawa:
nusu Ndanda, kwa jicho la kulia la mama,
nusu Masasi, kwa Nambunga mpiga chapa,
nakala thelathini, jalada la zambarau
likatoka rangi ya ini.
"Zitauzika," alisema, akihesabu noti zangu.
Zimeuzika kumi na moja. Moja kainunua dereva wa lori la magunia,
akarudi wiki ya pili kuuliza kama Asumini alipata mtoto.
Sikumjibu. Nilimwambia apite tena.

Mama walimfungua bandeji Alhamisi.
Alitazama dirisha, akatazama nywele zangu, akauliza zimepatwa na nini,
halafu akaomba kitabu.
Alisoma kama walivyofundishwa kwenye kisomo,
kidole mbele, midomo nyuma,
ma-ji, ma-ji ya-me-fu-ni-kwa,
saa nzima kwa ukurasa mmoja na nusu,
nami nimesimama kama mtoto aliyepeleka daftari.

"Umekosea," alisema.
"Haikuwa ndoo. Ndoo nani alikuwa nayo?
Lilikuwa debe. Na lilikuwa linavuja.
Ulidhani nilimjuaje?
Nilifuata matone."

Jioni nilikaa na kalamu nyekundu ya ghala,
nakala kumi na tisa magotini,
nikakata ndoo, nikaandika debe,
nikakata ndoo, nikaandika debe.
Matone hayakuenea pembeni mwa ukurasa.
Nikachukua stakabadhi iliyoharibika, nikaigeuza.